Anza na kesi unayoijua

KUTOKA SAME
Na Elinihaki Mbwambo

Mwalimu wa huku kwetu akistaafu hurudi mlimani na sanduku la bati lililojaa vitabu. Nimeyafungua masanduku hayo Suji, Mbaga na Gonja, na yaliyomo hayapishani sana: Kusadikika, Rosa Mistika, Kinjeketile, Mzimu wa Watu wa Kale, Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere, na ukibahatika, kazi ya Kitereza ambayo mchwa wameshaionja pembeni. Ndani ya jalada kuna muhuri wa shule. Pambizoni kuna kalamu ya bluu ya mwanafunzi wa zamani: "dhamira", "tashihisi", "hili litatoka".

Wajukuu wakija likizo, mmoja wao huuliza, "Babu, nianze na kipi?" Jibu la babu liko tayari siku zote: anza na Shaaban Robert, ndiye baba wa fasihi. Mtoto anafungua diwani, anapiga miayo, na kabla ya chai ya jioni kitabu kimesharudi sandukuni. Basi mzee analaumu simu.

Mimi simlaumu mtoto wala simu. Kitabu hakifunguliwi kwa sababu ya heshima. Kinafunguliwa kwa sababu msomaji ana kesi, naye anataka kusikia mwenzake aliisemaje. Kwa hiyo nami nasema mtu wa Same aanze na Shaaban Robert, lakini aanze na Kusadikika, na asianze nacho peke yake. Pembeni aweke kijitabu cha Profesa Isaria Kimambo, Mpare mwenzetu, juu ya Mbiru.

Waliozaliwa juzi wasikilize kidogo. Katika miaka ya vita vya pili, serikali ya Mwingereza ilileta Upare kodi mpya, ndiyo mbiru yenyewe, juu ya ile ya kichwa. Hii ilitozwa kwa kukadiria mali ya mtu: ng'ombe, shamba, kahawa. Aliyekadiria alikuwa mtu wa chifu, na kila mwenye jirani anajua makadirio ya namna hiyo huishia wapi. Wapare hawakukataa kulipa. Walikataa kukadiriwa, walitaka kiwango kimoja kwa wote. Januari 1945 maelfu wakateremka kutoka milimani hadi hapa Same, kwenye boma la Mkuu wa Wilaya, wakakaa. Waliambiwa warudi makwao, hawakurudi. Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi nao wakaingia kwenye ugomvi, na hao hawakuja kwa upole. Mwishowe kodi ile iliondolewa.

Sasa chukua Kusadikika, kilichochapishwa mwaka 1951. Nchi imening'inia angani. Karama ameshtakiwa kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Waziri Majivuno anamwandama barazani, na Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa huku na huko wakalete mema kwa nchi yao, wakarudi nayo, wakatiwa gerezani. Msomaji wa mjini anaweza kuiona hiyo ni hekaya. Msomaji ambaye babu yake alilala nje ya boma la Same akingoja jibu hawezi. Sidai kwamba Shaaban Robert alituandika sisi. Lakini alikuwa mtumishi wa serikali hiyohiyo, na kuanzia 1946 alifanya kazi ofisi ya wilaya Tanga, wakati ambapo Upare nao ulikuwa ndani ya Jimbo la Tanga. Karani kama yeye aliijua lugha ya barua zinazopanda juu na majibu yasiyoshuka. Tena kitabu chenyewe ni chembamba. Unakimaliza ukingoja basi la Mamba Miamba lijaze abiria.

Baada ya hapo pumzika na Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla. Bwana Msa na kiko chake hawahitaji utangulizi wala mwongozo wa mtihani. Wapo wanaodharau hadithi za upelelezi. Waache, wataendelea kusoma miongozo.

Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka 1971 na kuzuiwa kwa muda mashuleni, ningempa mzazi kabla ya binti. Zakaria, baba anayedhani kipigo ndicho malezi, anatoka Ukerewe, lakini ukoo wake mbona umefika hadi huku kwenye nyumba zetu za sala asubuhi na jioni! Nimewahi kumwazima baba mmoja kitabu hicho. Alikirudisha bila neno, kikiwa kimefunikwa kwa gazeti.

Kitereza msimguse kwa haraka. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ni kazi ndefu inayokwenda kwa mwendo wake: pombe inapikwa mpaka iive, wakwe wanasalimiwa mpaka salamu ziishe. Mwenyewe aliiandika kwa Kikerewe katika miaka ya 1940, akaifasiri kwa Kiswahili kwa mkono wake, ikachapishwa Dar es Salaam mwaka 1980. Akafariki mwaka uliofuata kabla nakala hazijamfikia. Isomwe Julai, ukungu wa Shengena unapowafungia watu ndani, na isomwe kwa sauti ili bibi jikoni apate nafasi ya kubisha. Atabisha tu, hasa kwenye mahari.

Nagona, cha Kezilahabi huyohuyo, kikae chini kabisa ya sanduku. Si kibaya, ila kinamtaka mtu aliyekwisha kugombana na vitabu vingine.

Limebaki moja linalonikera. Kijitabu cha Mbiru nilichonacho ni cha Kiingereza, na historia kubwa ya Wapare ya Kimambo, ya mwaka 1969, nayo nakala yangu ni ya Kiingereza. Bibi jikoni anambishia Kitereza wa Ukerewe, lakini habari za boma la Same, ambako huenda mama yake alipeleka chakula, mpaka asomewe na mjukuu aliyefika kidato cha nne. Walimu wastaafu wa wilaya hii ni wengi, Kiingereza wanakijua, na mchana wana nafasi. Waanze na kurasa za Januari 1945.