Kabla ya kuhamia mji mdogo, uliza njia ya pili

Jamaa nyingi zinazotoka Goma kwenda miji midogo ya Kivu hutazama kwanza bei ya nyumba. Si kosa, maana pesa ni kidogo. Lakini nyumba ya bei nafuu peke yake hailindi watoto. Mwaka 2024 vita vilipofunga barabara ya Sake, chakula cha Minova kilifika Goma kwa maboti, kwa sababu Minova iko kando ya Ziwa Kivu. Mji wenye njia moja tu hugeuka mtego.

Basi wazazi watangulize mtu mmoja akaulize: maji yanatekwa wapi? Kituo cha afya kina dawa? Shule inapokea watoto waliohama? Barabara ikifungwa, watu hupitia wapi? Asipopata jibu, jamaa isifunge mizigo bado.