NGOJA NGOJA HUUMIZA MATUMBO



Methali hii wazee waliitoa kwa mfano tu. Leo katika hospitali nyingi imekuwa kweli tupu.

Mfanyakazi ashikwa na tumbo ghafula usiku. Afika hospitali, daktari ambonyeza, asema, "Hapana budi upigwe picha." Lakini chumba cha picha kimefungwa. Mpiga picha ni mmoja tu, naye amekwenda nyumbani. "Ngoja asubuhi." Je, tumbo nalo limeambiwa lingoje? Kidole tumbo kikipasuka, usaha humwagika ndani. Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi ikipasuka, mama aweza kufa kwa kuvuja damu kabla ya jua kutoka.

Wako wasemao kwamba altrasaundi na sitiskani ni anasa za wakubwa. Huo ni uwongo. Eksirei yaweza kuonyesha utumbo ulioziba au uliotoboka, lakini kidole tumbo kilichovimba mara nyingi haikionyeshi. Altrasaundi huonyesha mawe ya nyongo na damu iliyovuja tumboni, nayo haina mionzi, kwa hiyo watoto na wajawazito huanza nayo. Sitiskani huona zaidi, lakini ina mionzi, si ya kila tumbo. Kila mashine ina kazi yake, kama nyundo na msumeno.

Wasituambie fedha hakuna. Mwaka 2015 serikali ilianza mpango wa kukodi mashine kwa hospitali za kaunti zote 47. Mwaka 2020 kamati ya Seneti ilieleza kwamba nyingine zilikaa bure kwa kukosa umeme na watu wa kuziendesha. Tangu Oktoba 2024 mshahara wetu hukatwa asilimia 2.75 kwa bima ya afya ya jamii. Makato hayo hayangoji asubuhi! Nayo Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura.

Twadai mambo matatu. Kwanza, wapiga picha waajiriwe wa kutosha zamu zote, usiku na mchana. Pili, mgonjwa wa dharura ahudumiwe kwanza, habari za malipo zifuate. Tatu, matajiri wasimrudishe mtu kazini na vidonge vya maumivu huku tumbo lake ni gumu kama ubao.

Mashine bila mtu ni chuma tu. Kila tawi lizungumze jambo hili mkutanoni, kisha liiandikie kaunti yake.

Umoja ni nguvu!