Raba ya Mtu Mzito: Ulaini Peke Yake Hautoshi

Daktari anapomwambia baba wa makamo mwenye kilo 105, presha na sukari inayopanda, kwamba aanze mazoezi, aghalabu baba huyo hutoka na nia njema kabisa. Kesho yake alfajiri huchukua raba za mwanawe na kujiunga na kikundi cha mbio cha mtaani. Ikifika wiki ya tatu, kisigino kinamchoma kila anapokanyaga sakafu akiamka, goti limevimba, na mazoezi yamekwisha. Sukari ipo palepale. Tumeshuhudia haya katika familia nyingi kiasi cha kuona kwamba suala la kiatu linastahili nafasi katika ukurasa huu.

Mtu anapokimbia, mguu unaotua hupokea nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Mwenye kilo 60 hutua na mzigo wa kilo 120 hadi 180; baba yetu wa kilo 105 hutua na 210 hadi 315, na katika kilomita moja tu hatua zake hupita 1,000. Kwa hiyo raba inayomtosha kijana mwembamba haimtoshi mzazi wake, hata namba zao zikilingana.

Wengi wakifika sokoni hubonyeza soli kwa dole gumba, wakiiona laini hulipa. Lakini dole gumba halina uzito wa mwili. Sponji laini mno hudidimia yote chini ya mtu mzito, na mguu hulalia upande wa ndani ukivuta goti pamoja nao. Mwaka 2020 watafiti wa Luxembourg walitoa matokeo ya uchunguzi wa wakimbiaji zaidi ya 800, baadhi wakiwa wamepewa soli laini na wengine ngumu. Kwa jumla wa soli laini waliumia kidogo zaidi, ila faida hiyo ilidhihirika kwa wenye uzito mdogo, si kwa wazito. Mzito anahitaji sponji nene, naam, lakini yenye kushikilia, juu ya kitako kipana.

Basi kishike kiatu na ukijaribu. Bana sehemu ya nyuma inayozunguka kisigino: isibonyee kama karatasi. Kikunje: kipinde penye vidole, si katikati. Kisokote kama nguo inayokamuliwa: kikatae. Kisha kiweke mezani ukitazame kwa nyuma. Kilichoinama upande mmoja kimekwisha kuchukua umbo la mguu wa mwenzio.

Hilo la mwisho ni muhimu zaidi kwa sisi wanunuzi wa mitumba. Pale Karume raba hufuliwa zikang'aa, na jicho hudanganyika. Sponji haifuliki ikarudi upya. Tazama ubavuni mwa soli: ukiona mikunjo mingi iliyolala kama mistari ya paji la uso, sponji imekufa hata kama meno ya chini ni mazima. Wanaojua majina huulizia ASICS Gel-Kayano au Brooks Adrenaline, na hizo kweli zimeundwa kushikilia mguu. Hata hivyo, jina halifufui sponji iliyochoka, na bandia nazo zipo.

Upana nao usipuuzwe. Katika raba nyingi za kiume, D ni upana wa kawaida, 2E ni pana na 4E ni pana zaidi. Za kike, B ni kawaida na D ni pana. Herufi hizo, zikiwapo, tafuta ndani ya ulimi wa kiatu. Nenda kununua jioni, miguu ikiwa imetanuka, vaa soksi utakazokimbilia, na ubakize nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya kidole kirefu.

Mwenye kisukari ana jambo la ziada. Miguu ikianza kufa ganzi, haimwambii kwamba kiatu kinabana, hivyo amwone daktari kabla ya kukimbia, aingize mkono ndani ya raba kila mara kabla ya kuvaa, na akirudi akague nyayo, au mkewe amkagulie. Akitoka kutia udhu, afute vizuri katikati ya vidole kabla ya soksi. Unyevu uliofungiwa humo huleta fangasi na malengelenge.

Raba nzuri hudumu takriban kilomita 500 hadi 800, na kwa mzito tukadirie ule mwanzo. Anayekwenda kilomita 15 kwa wiki ataimaliza kwa miezi minane hivi, kabla macho hayajaona lolote. Andika kwa kalamu ndani ya ulimi tarehe uliyoanza kuivaa, na mwezi wa kwanza tembea dakika nne kwa kila moja unayokimbia.