Kizuri Chajiuza? Dhana Potofu Juu ya Video za Biashara Ndogo

Hakuna siku hizi mfanyabiashara mdogo asiyeshauriwa kupiga video. Ukipita Kongowea kwenye mitumba, ukipita Biashara Street penye maduka ya leso, ukivuka Likoni ama ukienda Lamu kwa mafundi wa milango, utasikia neno lile lile: "Piga video, itie mtandaoni, utaona mambo." Aliyepiga hujiona ameerevuka, na asiyepiga hujiona amepitwa na wakati. Lakini jambo likiwa kinywani mwa kila mtu, aghalabu huingia chumvi. Nimeona mikopo ya chama ikimezwa na shughuli hii pasi na faida, na nimeona pia mafundi hodari waliokataa katakata kuigusa, hali biashara zao zadidimia. Wote hao, kwa maoni yangu, wameponzwa na dhana zisizopimwa. Haya basi, wasomaji wapenzi, na tuzipime.

Dhana ya kwanza tumejitilia wenyewe kwa methali yetu: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wazee wengi wa biashara wameishika methali hii kama ngao. Husema, "Halua yangu yajulikana tangu enzi za babu, kuionyesha kwenye simu ni kujitembeza." Methali ni hekima, lakini kila methali ina mahali pake. Hii ilitumika katika mtaa ambao kila mtu alimjua mwenziwe, na harufu ya halua ikitoka jikoni ilitosha kuwa barua. Leo mjukuu wa mteja yule wa zamani amehamia Mtwapa au Mikindani, na harufu haifiki huko. Waswahili hao hao waliosema kizuri chajiuza ndio waliosema asiyekujua hakuthamini.

Tena si kweli kwamba waliotutangulia hawakujitangaza. Muuza kahawa aliyepita vichochoroni akigongesha vikombe vyake alikuwa akifanya nini kama si kutangaza? Dalali wa mnada je? Na leso yenyewe, tangu ilipoanza kutiwa maandishi mwanzoni mwa karne iliyopita, jambo ambalo hapa Mombasa hunasibishwa na Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana zaidi kwa jina la Abdulla, imekuwa ikitembea mjini na maneno yake mgongoni mwa mvaaji. Alama ya "Mali ya Abdulla" nayo imetembea pamoja nayo. Kama hilo si tangazo, basi sijui tangazo ni lipi.

Hata filamu ilitokea mlangoni mwa biashara. Ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, walipofanya maonyesho yao mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895, filamu iliyotangulia ilikuwa ya wafanyakazi wao wenyewe wakitoka kiwandani huko Lyon, kiwanda cha vioo vya kupigia picha. Haikutimia dakika moja. Na zipo namna tatu za filamu hiyo: watu wale walipigwa zaidi ya mara moja wakitoka katika lango lile lile. Kwa hivyo anayeona haya kurudia video yake ya vitumbua mara ya pili na ya tatu, na ajue kwamba waanzilishi wa kazi hii nao walirudia.

Dhana ya pili ni kwamba video haiwi video mpaka iwe ya gharama. Hii ndiyo inayomaliza watu. Yuko fundi mmoja wa vitanda nimjuaye, karakana yake iko Changamwe. Alikopa katika chama, akaajiri watu wa kamera, wakamvisha suti, wakarusha kamera ya angani juu ya daraja la Nyali, wakatia na muziki wa kishindo. Ilikuwa picha nzuri kweli kweli. Ila aliyeitazama mpaka mwisho aliuliza, "Huyu bwana auza nini?" Kitanda kilionekana kwa muda wa kupepesa jicho. Miezi baadaye mpwa wake, kwa simu ya kawaida, alimpiga akichonga ulimi wa mbao, akiutia katika tundu lake bila msumari, kisha akisimama juu ya kiungo kile kwa miguu miwili, nacho kisilie. Hiyo ndiyo iliyomletea wateja. Si kwamba kamera ya angani ni haramu. Lakini mnunuzi wa kitanda hataki kuona daraja. Ataka kujua kama kitanda kitalia usiku.

Simu nyingi za leo zina uwezo wa kutosha kwa kazi hii. Kinachokosekana si mashine bali uangalifu. Futa kwanza kioo cha kamera, kwani mikono ya jikoni ina mafuta na hewa ya pwani ina unyevu. Kaa karibu na dirisha, mwanga uwe mbele yako wala si nyuma yako. Usipige nje saa sita mchana, kwani jua letu la utosini hutia vivuli vyeusi machoni. Ngoja asubuhi au alasiri. Na zaidi ya yote, angalia sauti. Mtazamaji husamehe picha iliyofifia kidogo, lakini sauti asiyoisikia hamsubirii mtu. Upepo wa Mama Ngina Drive ukiingia katika simu huwa kama ngurumo. Ingia chumbani penye godoro na mapazia, isogeze simu karibu, useme. Haya yote hayana gharama.

Hapa lakini hujificha dhana nyingine, ndugu yake ile, kwamba kisicho na gharama hakina kazi. Watu hupenda kutoa mfano wa Michael Dubin wa Marekani, aliyekuwa akiuza nyembe kwa njia ya posta katika kampuni yake ya Dollar Shave Club. Mwezi Machi 2012 alitoa video iliyogharimu kiasi cha dola 4,500, na katika muda wa siku mbili akapata maagizo yapatayo 12,000. Mwaka 2016 kampuni hiyo ikanunuliwa na Unilever. Wasimuliaji huishia hapo. Hawasemi kwamba Dubin alikuwa amejifunza uchekeshaji wa jukwaani kwa miaka mingi huko New York kabla ya kusimama mbele ya kamera ile. Wala hawasemi kwamba bei ya nyembe ilitajwa waziwazi, na kwamba bidhaa yenyewe ilikuwa tayari kupelekwa. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Fauka ya hayo, kwa kila Dubin mmoja wako wengi waliotoa video na wasisikike, nao hawasimuliwi na mtu. Mwenye kupanga biashara yake kwa kutarajia bahati ya mmoja kati ya wengi, huyo hapangi; anacheza kamari.

Dhana ya tatu, na nadhani ndiyo kubwa, ni ya kuhesabu watazamaji kana kwamba ni wanunuzi. "Video yangu imeonwa na watu elfu kumi!" Vyema. Lakini kuonwa ni nini? Kila mtandao una kipimo chake. Facebook kwa miaka mingi ilihesabu sekunde tatu kuwa ni kutazamwa. YouTube, tangu tarehe 31 Machi 2025, huhesabu video zake fupi pindi zinapoanza tu kuchezeka. Maana yake ni kwamba aliyepitisha kidole akiwa garini, naye yumo katika ile elfu kumi yako. Na mwaka 2016 Facebook yenyewe ilikiri kwamba kwa muda wa miaka kama miwili ilikuwa imewapa watangazaji wastani wa muda wa kutazamwa uliozidi ukweli. Ikiwa makampuni makubwa yenye mahasibu wao yalibeba hesabu isiyo sawa, seuze mama muuza mahamri?

Mama huyo, maadam tumemtaja, hahitaji watu elfu kumi. Ahitaji nyumba arubaini za mtaani pake ziamke zikijua kwamba mahamri yametoka, mbaazi ziko tayari, na kijana wa kupeleka yupo. Mtu wa Toronto akiitazama video yake atatamani tu, hanunui. Kwa mama huyo, picha ya nusu dakika katika Status ya WhatsApp, ambayo hukaa saa 24 na huonwa na watu waliohifadhiana namba naye, yaweza kuwa na faida kuliko umaarufu wa TikTok. Muuza milango ya kuchonga wa Lamu, mteja wake huenda yuko Nairobi au ng'ambo, na huyo yampasa kutupa wavu wake mbali. Suala basi si "video ionwe na wangapi", bali "ionwe na nani, na akishaiona afanye nini".

Na afanye nini kama hakuambiwa? Iko desturi mbaya iliyoingia katika biashara zetu za mitandaoni: bidhaa huonyeshwa, bei hufichwa. Mteja akiuliza, huambiwa aje faraghani. Wenye kufanya hivyo hudhani wanamvuta mteja, kumbe wanamfukuza. Mtu mwenye mia tano mfukoni ataka kujua kama mia tano yatosha, tena bila kuaibishwa. Taja bei, taja mahali, taja namba ya kulipia kwa M-Pesa, taja saa za kufungua. Halafu nyamaza. Hapana haja ya kueleza katika video moja tangu ulivyozaliwa. Shairi la mizani kumi na sita kwa mshororo halibebi kila lililo moyoni mwa mshairi, na ndiyo maana hutunga jingine kesho. Video moja, jambo moja: leo namna ya kuhifadhi achari isiote ukungu, kesho bei za sikukuu.

Dhana ya nne ni kwamba kilicho mbele ya kamera yako ni chako. La, hasha! Wimbo unaousikia mtandaoni una mwenyewe, na Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Mitandao yenyewe hutenganisha muziki wa kujifurahisha na wa kibiashara. TikTok, kwa mfano, ina hazina maalumu ya nyimbo kwa ajili ya akaunti za biashara. Ama kuhusu nyuso za watu, ipo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Mwezi Septemba 2023 Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza nyumba moja ya starehe jijini Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Hesabu na uangalie: duka lako la vitambaa litauza doti ngapi kulipa fedha hizo?

Lakini hata pasingekuwa na sheria, pangekuwa na adabu. Bibi aliyeingia dukani kuchagua kitambaa cha harusi ya bintiye hakuja kuwa tangazo. Muulize, "Mama, waniruhusu?" Akikataa, geuza kamera uelekeze kwenye kitambaa. Na kitambaa chenyewe kionyeshwe kilivyo. Sisi tuliosomea chuoni tulifundishwa mapema kwamba muuzaji mwenye kuficha aibu ya bidhaa hula kisicho chake. Rangi iliyokolezwa kwa ujanja wa simu ni aibu iliyofichwa, na mteja akifungua mfuko nyumbani ataijua. Hatarudi tena, na jirani zake atawahadithia.

Nimebakisha dhana mbili zinazonigusa kwa kuwa nimeishi kwa kalamu. Moja ni kwamba, ili uuze, ubadili ulimi wako. Nimemsikia mchonga milango, bingwa wa nakshi, akihangaika na Kiingereza cha kukariri mpaka ufundi wake ukaonekana wa mtu mwingine. Mtu huyu akisema Kiamu chake, akikuonyesha kwa kidole ua hili na mnyororo huu, kila neno lina uzito, kwa sababu alijualo analisema kwa lugha aliyolijulia. Anayehitaji tafsiri atawekewa maandishi chini ya picha. Wengine nao hudhani hapana kuuza bila kukata viuno na kurusha matusi ili watu wacheke. Watacheka, naam, lakini mtu haendi kumwagizia mahari ya bintiye yule aliyemcheka jana.

Ya pili ni dhana dhidi ya vijana wetu. Kijana aliyejifunza kupiga na kukata video hupewa soda na ahadi, kwani "si simu tu hiyo?" Fundi cherehani naye ana sindano na uzi tu. Mwenye duka anayelalamika kwamba mteja hathamini jasho lake, naye hathamini jasho la kijana huyu. Wakubaliane kabla ya kazi: video ngapi, za urefu gani, kwa fedha ngapi, nani atabaki nazo. Mtaani kwetu vijana wasio na kazi ni wengi, na hii ni kazi. Tukiifanya ya sadaka, tumeiua kabla haijaota.

Alhasili, simkatazi mtu kupiga video, wala simsukumi. Biashara ni matangazo, wasema, na ni kweli. Ila tangazo si biashara. Video haitoi unga kwenye gunia wala haichongi ulimi wa kitanda. Hubeba habari ya kazi iliyokwisha kufanywa, kutoka kwa aijuaye mpaka kwa aihitajiye. Na kazi hiyo ikiwa mbovu, video itaifikisha mbali zaidi na upesi zaidi. Basi kabla ya kutafuta kamera, mwenye duka na ajiulize swali moja la bure: mteja akija kesho kwa sababu ya picha hii, atakikuta alichokiona?