Mweusi Mnamcheka, Akijichubua Mnamzomea: Mnataka Aweje?

Wadau, leo nina la moyoni na sipepesi macho.

Juzi msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina namhifadhi, katupia picha ya binti atakayeonekana kwenye video yake mpya. Binti mrefu, mweusi tii, kapendeza balaa. Nikashuka kusoma komenti, nikachoka. "Weupe wameisha mjini?" "Washa taa tumuone." "Kaka umefulia mpaka unachukua mkaa?" Na vicheko kibao.

Sasa kuna dada mwingine, muigizaji. Alipoanza alikuwa mweusi, mkamwita majina hayo hayo. Miaka miwili baadaye karudi mweupe pe. Mlimwacha? Thubutu! Mkavuta picha kwenye simu kutafuta vifundo vya vidole. "Usoni Fanta, miguuni Coca-Cola." Yaani watu wale wale, simu zile zile, vifurushi vile vile.

Najua mtasema ni utani tu. Utani? Nimewahi kukaa kwenye usaili wa video moja hapa Dar. Kabla muziki haujawashwa, mabinti weusi wakaambiwa wasogee nyuma. Kati yao kulikuwa na mmoja ambaye alipoanza kucheza wenzake wote walisimama kumtazama. Akaambiwa, "Wewe kamera haikupendi, utakaa nyuma nyuma." Wa mbele walilipwa hela ya maana. Yeye alipewa nauli. Huo utani wenu una bei, na anayeilipa si wewe.

Halafu hiyo kamera isiyopenda weusi ni kamera gani? Mwaka 2007 Flaviana Matata alipanda jukwaa la Miss Universe kule Mexico City na rangi yake, tena na kipara, akashika nafasi ya sita duniani. Kule kamera zilimpenda, hapa zinashindwa nini? Semeni ukweli tu: kamera haina kosa, macho yenu ndiyo yamezoea "rangi ya mtume".

Simtetei anayejichubua. Kwenye mikorogo kuna zebaki inayoharibu figo, haidrokwinoni, na steroidi zinazofanya ngozi iwe nyembamba. Vipodozi vyenye vitu hivyo vilishapigwa marufuku nchini, lakini vinauzwa kwa sababu wanunuzi wapo. Na wanunuzi hao tunawatengeneza sisi, kwa vidole hivi hivi vinavyoandika "mkaa". Ukimsukuma mtu shimoni, huna haki ya kusimama juu kumcheka.

Wala msiwasingizie wazungu. Ni kweli tumerithi mengi kutoka ukoloni, ila aliyeandika "washa taa" hakutoka Ulaya. Ni jirani yako wa Mbagala, mweusi kama mimi na wewe, na mama yake ni mweusi, na ipo siku atazaa binti mweusi. Huyo binti naye atakuwa na simu, atazisoma.

Jana usiku nimerudi kumwangalia yule binti wa video. Picha kaifuta. Video nayo imetoka leo asubuhi, na mbele kasimama mwingine, mweupe.

Haya, hongereni, mmeshinda.

Uwanja ni wenu, nitukaneni mnavyotaka. Ila kabla hujaandika, utazame kwanza huo mkono unaoandika, una rangi gani?