Diski Mpya Si Diski Tupu

Katika toleo lililopita tuliahidi kwamba kila mwanachama angepata mashine pepe ya klabu kabla ya mitihani ya nusu muhula. Hamkuipata, na maswali kwenye kundi la WhatsApp yamekuwa mengi. Leo tunajibu, ingawa jibu lenyewe linatuaibisha kidogo.

Kwa wanachama wapya: mashine pepe ni kompyuta nzima inayoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine. Diski yake ni faili moja tu, tunaloliita taswira. Ukimpa mwenzako faili hilo, umempa kompyuta iliyokwisha kuwekwa kila kitu: Linux, kikagua tahajia cha Kiswahili, na programu za kuchambua matini tunazotumia kwenye vipindi vyetu. Hakuna tena kupoteza jioni nzima kila mtu akisakinisha peke yake.

Mwenzetu aliyeiandaa alichukua mashine pepe aliyokuwa nayo tangu mwaka wa kwanza, akafuta mafaili yake yote, akaweka vifaa vya klabu, akaifunga. Diski ilikuwa ya GB 20, na zilizotumika ni GB 4 tu. Taswira ilipobanwa ikatoka na GB 11. Hapo ndipo tuliposhtuka, kwa kuwa kitu cha GB 4 kikibanwa hupungua, hakiongezeki.

Tukaipitisha kwenye PhotoRec, programu ya bure ya kurejesha mafaili yaliyofutwa. Baada ya nusu saa tulikuwa na kurasa za paspoti, kitambulisho cha ukaazi cha hapa Qatar mbele na nyuma, mkataba wa kupanga chumba, na taarifa ya M-Pesa ya mama yake. Mwenyewe alikuwa ameketi hapo hapo nasi.

“Jamani, hivi nilivifuta mwaka jana!”

Kweli alivifuta. Lakini kufuta faili hakuondoi kilichomo. Mfumo wa faili huandika tu kwenye daftari lake kwamba bloku zile sasa ziko huru, na bloku zenyewe hubaki na yale yale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ni kama chumba cha kupanga kule Najma: mpangaji kahama, mwenye nyumba kabandika tangazo kwamba chumba ki tupu, nawe ukifungua kabati unakuta barua za benki za aliyekutangulia. Ukitengeneza taswira, unalibeba kabati pamoja na barua zake.

Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba “tupu” na “sifuri” ni kitu kimoja. Jaribuni wenyewe kwenye Linux. Andikeni truncate -s 20G diski.img, halafu ls -l itawaambia faili lina GB 20, na du itawaambia halijachukua nafasi yoyote. Faili hilo ni matundu matupu, na mfumo wa faili unaahidi kwamba kila tundu likisomwa litatoa sifuri. Ahadi hiyo ni ya faili peke yake. Flashi haiahidi hivyo, wala diski iliyotumika, wala kipande cha LVM. Ukikata kipande kipya cha LVM ya kawaida, husafishwa kilobaiti 4 za mwanzo tu. Baada ya hapo unasoma alichoacha mwenzako.

Wakubwa nao wamejikwaa papa hapa. Mwaka 2012 kampuni ya usalama ya Context ya Uingereza ilieleza kwamba ilikagua seva pepe za wauzaji wanne, na kwa wawili kati yao iliweza kusoma mabaki ya data za wateja wengine. Mwaka uliofuata DigitalOcean ya Marekani ililaumiwa kwa jambo la jamaa hiyo hiyo: mteja aliyeondoa seva yake kwa njia ya programu alipaswa kuomba mwenyewe diski isafishwe, na asipoomba haikusafishwa. Sisi si kampuni, lakini tumetoka nchi ambazo kila hatua inadai nakala ya paspoti, na nakala hizo zote zinaishia kwenye kompyuta zetu. Qatar ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2016, Kenya tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Hatukutaka klabu iwe mfano wa kufundishia.

Tiba ya haraka ni kujaza nafasi huru kwa sifuri. Ndani ya mashine pepe unaendesha dd if=/dev/zero of=/sifuri bs=1M mpaka ikatae kwa kukosa nafasi, kisha sync, kisha unalifuta faili hilo. Ukizima mashine, qemu-img convert -O qcow2 itaruka bloku zote za sifuri. Kwenye VirtualBox diski za VDI hubanwa kwa VBoxManage modifymedium na chaguo --compact. Tulifanya hivyo, ukubwa ukashuka, tukafurahi. Halafu mmoja wetu akauliza kuhusu sehemu ya swap. Ile dd haiigusi kabisa, na humo huweza kubaki chochote kilichokuwa kwenye kumbukumbu, nywila zikiwemo. Wala haigusi historia ya amri au funguo za SSH, kwa kuwa hayo ni mafaili halali yasiyofutwa. Tukaitupa taswira yote, tukaanza na mashine mpya ambayo haijawahi kuwa ya mtu. Ilichukua jioni mbili, na kwa maoni yetu ndivyo tulivyopaswa kuanza.

Upande wa pili ulitushika wiki hiyo hiyo. Mwenzetu mwingine alinakili diski ghafi kwenye flashi ya zamani kwa dd conv=sparse ili aokoe muda. Chaguo hilo huruka bloku za sifuri badala ya kuziandika. Flashi ilikuwa na picha za harusi, kwa hiyo kila mahali taswira iliposema sifuri, harusi ilibaki. Linux iliwaka vizuri, kisha hifadhidata ya kamusi ikakataa kufunguka. Chaguo la --target-is-zero la qemu-img lina hatari hiyo hiyo: unaapa kwamba unakoandika kuna sifuri tupu, nayo inakuamini. Kama hukusafisha mwenyewe, usiape.

Taswira mpya ina GB 1.7 na inanakiliwa kama faili la kawaida, kwa hiyo flashi yoyote yenye nafasi inatosha. Njooni nazo Alhamisi baada ya mkutano. Ile ya kwanza tulikuwa tumempa mtu mmoja aijaribu kabla hatujagundua. Ameirudisha pamoja na diski ya nje aliyoihifadhia, na mwenye paspoti mwenyewe ndiye aliyeijaza sifuri mwanzo hadi mwisho. Ilichukua saa tatu, na hakunyanyuka kitini.