Kiporo si Aibu

Wanafunzi wenzangu, yafaa tuseme kweli: wengi wetu hapa Kibenga tunadharau kiporo. Mama akipasha maharagwe ya jana, tunakunja uso, kana kwamba chakula kilicholala ni alama ya ufukara. Mawazo hayo hayafai.

Fikirini jambo moja. Maharagwe hukaa motoni muda mrefu, na makaa hununuliwa kwa fedha. Basi mwenye kuyaroweka usiku kucha, kisha akapika chungu kimoja cha jioni na cha kesho, huwasha moto mkubwa mara moja tu. Jioni yataliwa kwa ugali wa muhogo na mawese. Kesho yatachanganywa na lengalenga, yawe kitoweo kipya. Nyama ikiwa ghali, kiganja cha ndagala waliokaushwa, samaki wa ziwa letu la Tanganyika, chatosha kuleta ladha na kuujenga mwili.

Lakini uangalifu watakiwa. Mji wetu una joto, na chakula huchacha upesi. Kiporo kifunikwe, kiwekwe mahali pa baridi, na asubuhi kichemke hasa, siyo kutiwa vuguvugu. Asiye na friji asikilaze. Kilichochacha kitupwe, maana hicho huleta ugonjwa.

Fedha iliyookolewa jikoni ndiyo inunuayo daftari na kalamu zetu. Kwa hiyo tusimkunjie mama uso, bali tumsaidie kuchambua maharagwe. Wahenga walisema akiba haiozi. Na hii ya chunguni nayo haiozi, ikipata mtunzaji.